Konosuke Matsushita: Mtoto wa duka la baiskeli aliyewatoa wapanda baiskeli gizani

KIDATU, mji ulio katika Bonde la Kilombero mkoani Morogoro, umejengewa jina na vitu viwili: umeme na sukari. Bwawa lililojengwa katika Mto Ruaha Mkuu lilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, na awamu ya pili ilipokamilika mwaka 1980, kituo hicho kilifikia uwezo wa megawati 204. Kwa miaka mingi hakuna kituo cha umeme wa maji nchini kilichokizidi, mpaka mwaka 2024 mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji ilipoanza kuingiza umeme kwenye gridi ya taifa.

Hata hivyo, umeme wa Kidatu hupita juu ya vichwa vya watu kwa nyaya. Haupandi baiskeli. Mkazi wa Kidatu, Mang'ula au Ifakara anayerejea nyumbani usiku akitoka shambani, kiwandani au sokoni hana budi kuibeba nuru yake mwenyewe. Barabara anayoipita huitumia pamoja na malori ya miwa, matrekta, mabasi na pikipiki, na dereva asiyemwona hawezi kumkwepa.

Kwa mtu huyo, jambo la maana si megawati 204. Ni betri mbili na taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzima nyuma ya baiskeli, isiyomaliza betri kwa usiku mmoja. Kijana wa Kidatu anayetaka kujitengenezea taa hiyo hulazimika kujibu swali lilelile ambalo mtu mmoja huko Osaka, nchini Japani, alilishughulikia takriban miaka mia moja iliyopita: taa ya betri idumu vipi muda wa kutosha ili mtu wa kipato cha chini aweze kuitegemea?

Mtu huyo alikuwa Konosuke Matsushita. Watanzania wengi hawalijui jina lake, lakini betri za National, zilizotiwa katika redio na tochi za nchi hii kwa miaka mingi, zilitokana na kampuni aliyoianzisha.

Baba apoteza shamba

Matsushita alizaliwa Novemba 27, 1894 katika kijiji cha Wasa, ambacho siku hizi ni sehemu ya mji wa Wakayama, kusini mwa Osaka. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto wanane. Baba yake, Masakusu, alikuwa mwenye mashamba na mtu wa heshima kijijini.

Heshima hiyo haikudumu. Mwaka 1899, Konosuke akiwa na umri wa miaka minne tu, baba yake alijiingiza katika biashara ya kubahatisha bei za mpunga, akapata hasara kubwa na kupoteza nyumba na ardhi ya mababu. Familia ilihamia mjini Wakayama na kufungua duka la viatu vya mbao, nalo pia halikudumu.

Baada ya umaskini vikafuata vifo. Ndugu zake walifariki dunia mmoja baada ya mwingine, baadhi yao kwa maradhi ya kuambukiza. Baba yake alifariki mwaka 1906 na mama yake mwaka 1913. Kabla ya kufikisha umri wa miaka thelathini, Konosuke alikuwa amebaki peke yake katika ukoo wa watoto wale wanane.

Mwaka 1904, akiwa na miaka tisa na kabla ya kumaliza shule ya msingi, alipelekwa Osaka kuwa mtumishi na mwanagenzi katika duka la majiko ya mkaa. Alifagia, alisugua majiko na kumbeba mtoto wa mwajiri mgongoni. Miezi michache baadaye duka hilo lilifungwa, naye akahamishiwa katika duka la baiskeli la familia ya Godai.

Wakati huo baiskeli ilikuwa bidhaa ya thamani nchini Japani, na nyingi ziliagizwa kutoka Uingereza na Marekani. Kwa takriban miaka mitano kijana huyo alijifunza kuzitengeneza, kukata na kuunga chuma, kuwahudumia wateja na kupanga bei. Ni dukani hapo alipotambua jambo lililokuja kumfaa baadaye: mwenye baiskeli hununua kile kitakachomfikisha aendako, na kikimwangusha njiani hakinunui tena.

Aacha kazi ya uhakika

Mwaka 1910 Osaka ilikuwa ikibadilika. Tramu za umeme zilikuwa zimeanza kupita mitaani, na Konosuke akahisi kwamba baiskeli zitabaki lakini mustakabali uko kwenye umeme. Aliacha duka la Godai na kuajiriwa na kampuni ya umeme ya jiji hilo, akianza kama msaidizi wa mafundi waliofunga nyaya majumbani.

Alipanda ngazi haraka. Akiwa na umri wa miaka 22 alikuwa mkaguzi, cheo kilichotamaniwa na mafundi wengi wenye umri mkubwa kuliko wake. Alijaribu pia kusoma shule ya usiku, lakini elimu yake ndogo ilimfanya ashindwe kuandika haraka yale aliyoyafundisha mwalimu, akaacha. Mwaka 1915 alimwoa Mumeno Iue, msichana wa miaka 19 kutoka kisiwa cha Awaji.

Katika miaka hiyo afya yake ilianza kutetereka. Madaktari waligundua ugonjwa wa mapafu na kumshauri apumzike, ushauri usiotekelezeka kwa mtu aliyelipwa kwa siku. Hofu ya kuugua na kukosa mshahara ilikuwa miongoni mwa sababu zilizomfanya afikirie shughuli yake mwenyewe, ambayo mkewe angeweza kuiendesha hata siku ambazo yeye asingeweza kuinuka.

Sababu ya pili ilikuwa kifaa kidogo. Matsushita alikuwa amebuni soketi ya balbu aliyoamini ni bora kuliko zilizokuwepo. Alimpelekea msimamizi wake, ambaye aliikataa. Juni 1917 aliacha kazi hiyo ya uhakika, akiwa na akiba isiyozidi yen mia moja hivi.

Karakana ilikuwa nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili. Wafanyakazi walikuwa yeye, mkewe, wenzake wawili waliotoka naye kwenye kampuni ya umeme na shemeji yake, Toshio Iue, kijana wa miaka 14. Hakuna hata mmoja aliyejua namna ya kuchanganya malighafi ya kuhami umeme ambayo soketi ilihitaji, na iliwabidi wajifunze kwa kubahatisha.

Soketi ilipokamilika, wauzaji wa jumla waliikataa. Katika siku kumi ziliuzwa takriban mia moja, kwa mapato yasiyofika yen kumi. Wenzake wawili waliondoka kutafuta riziki kwingine, na mke wake akapeleka kanzu zake za kimono na mapambo kwa mweka rehani ili familia ile.

Nusura ilikuja mwishoni mwa mwaka huo kutoka mahali ambapo hawakupategemea. Kampuni iliyotengeneza feni iliagiza vibao elfu moja vya kuhami umeme. Matsushita alisimamia mashine mchana na usiku, akakabidhi mzigo kwa wakati, na faida yake ikamwezesha kufungua rasmi kiwanda chake kidogo Machi 7, 1918. Mwaka huo alitoa plagi na soketi ya matundu mawili, ambazo ziliuzwa kwa bei ya chini kuliko za washindani wake na kupata soko mara moja.

Taa iliyozimika kila baada ya saa tatu

Wakati biashara ya plagi ikienda vizuri, Matsushita hakuwa ameyasahau maisha ya duka la baiskeli. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wapanda baiskeli wengi wa Japani walitumia taa za mshumaa. Upepo uliizima mishumaa hiyo kila wakati, na mpanda baiskeli alilazimika kusimama gizani na kuwasha kiberiti.

Taa za betri zilikuwepo, lakini sifa yake ilikuwa mbaya. Ziliwaka kwa saa mbili au tatu tu, kisha betri zikaisha. Nyingi ziliharibika haraka. Wenye maduka walikuwa wamezichoka na wateja walikuwa wamezikimbia.

Matsushita aliamua kulishughulikia tatizo hilo. Kwa muda wa takriban miezi sita alitengeneza sampuli zinazokaribia mia moja. Ufumbuzi ulipatikana kwa kuunganisha mambo mawili. Kwanza, alitumia balbu ndogo mpya, yenye ukubwa wa punje ya harage, iliyotumia takriban sehemu moja ya tano tu ya umeme wa balbu za kawaida. Pili, alizipanga upya betri ndani ya kasha lenye umbo la risasi ya bunduki, lisilo na sehemu nyingi za kuharibika.

Taa hiyo, iliyotoka mwaka 1923, iliwaka kati ya saa 30 na 50. Gharama ya kuitumia ikawa ndogo kuliko ya mshumaa.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyeitaka. Wauzaji wa jumla wa Osaka waliikataa, kisha wa Tokyo wakaikataa pia. Kwao, taa ya betri ilikuwa taa ya betri, na walikwisha kuumwa na nyoka. Hawakuwa tayari kuamini maelezo ya mdomo kwamba hii ilikuwa tofauti, na sampuli iliyowashwa kwa dakika tano mezani haikuweza kuthibitisha saa hamsini.

Huku bidhaa zikirundikana stoo, Matsushita alichukua hatua ya hatari. Aliwaruka wauzaji wa jumla na kuwatuma wachuuzi wake kwenye maduka ya rejareja ya baiskeli. Kila duka liliachiwa taa mbili au tatu bila malipo, moja ikiwa imewashwa. Mwenye duka aliombwa aiangalie tu hadi izime yenyewe. Kama ingewaka kwa muda ulioahidiwa, angelipa na kuziuza zilizobaki. Kama isingewaka, asingedaiwa chochote.

Kama maduka yasingelipa, kiwanda kingefilisika. Lakini taa ziliwaka usiku kucha, zikawaka na kesho yake. Wenye maduka walianza kuagiza, na baada ya miezi michache walewale wauzaji wa jumla waliokataa wakarudi wakiomba kupewa mzigo.

Betri elfu kumi za bure

Mwaka 1927 Matsushita alitoa taa nyingine, ya mraba, iliyoweza kufungwa kwenye baiskeli au kubebwa mkononi. Alitafuta jina la kuipa na akachagua neno la Kiingereza, National, akilenga ionekane kuwa bidhaa ya kila mwananchi. Ndipo lilipoanzia jina ambalo vizazi vya baadaye vililisoma kwenye betri na redio kuanzia Asia hadi Afrika Mashariki.

Safari hii alipanga kugawa taa elfu kumi bure ili watu wazijaribu. Taa bila betri haina maana, na betri alizinunua kwa mtengenezaji wa Tokyo aliyeitwa Okada. Alimwendea na ombi lisilo la kawaida: ampe betri elfu kumi bila malipo. Kwa upande wake, Matsushita aliahidi kununua na kuuza betri laki mbili kabla ya mwaka kwisha. Akishindwa, angelipia zile za bure.

Okada alishangaa, lakini alikubali. Taa za bure ziliposambazwa, takriban elfu moja tu zilitosha kuamsha maombi ya wateja. Kufikia Desemba, betri zilizouzwa hazikuwa laki mbili bali zipatazo 470,000. Mwanzoni mwa mwaka 1928 Okada alisafiri kutoka Tokyo hadi Osaka, akiwa amevaa mavazi rasmi, kutoa shukrani zake ana kwa ana.

Mwaka huohuo wa mafanikio ulikuwa pia wa msiba mzito. Mtoto wake pekee wa kiume, Koichi, alifariki dunia mwaka 1927 akiwa bado mchanga. Matsushita na Mumeno walibaki na binti mmoja, Sachiko.

Hakuna atakayefukuzwa

Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 uliikumba Japani vibaya. Ilipofika Desemba, mauzo ya kiwanda yalikuwa yameanguka kwa zaidi ya nusu na maghala yamejaa. Viwanda vingine vilikuwa vikipunguza wafanyakazi, na mitaani watu wasio na kazi waliongezeka.

Matsushita alikuwa mgonjwa kitandani. Wasaidizi wake wakuu, akiwemo shemeji yake Iue, walimwendea na pendekezo la kupunguza nusu ya wafanyakazi. Alilikataa. Badala yake aliagiza uzalishaji upunguzwe kwa nusu, viwanda vifanye kazi nusu siku, na kila mtu aendelee kupokea mshahara wake kamili. Sharti lilikuwa moja: muda uliobaki, na hata siku za mapumziko, wafanyakazi wote wasaidie kuuza bidhaa zilizolala ghalani.

Habari hizo ziliwafikia watu waliokuwa wakisubiri barua za kuachishwa kazi. Katika muda wa miezi miwili maghala yalikuwa matupu, na kazi ikarejea kuwa ya siku nzima.

Mei 5, 1932 aliwakusanya wafanyakazi wake Osaka na kuwaeleza falsafa iliyompa umaarufu mkubwa kuliko bidhaa yoyote. Alitoa mfano wa bomba la maji. Maji yana thamani, lakini mpita njia akinywa kwenye bomba lililo kando ya njia hakuna anayemwita mwizi, kwa kuwa yapo tele. Kwa maoni yake, kazi ya kiwanda ilikuwa kutengeneza vitu vya lazima kwa wingi na kwa bei ya chini hadi vipatikane kama maji hayo. Mwaka 1933 alihamishia makao makuu Kadoma na kuigawa kampuni katika idara, kila moja ikiwajibika kwa faida na hasara yake.

Doa la vita

Maisha yake hayakuwa bila doa. Japani ilipoingia katika vita, kampuni iliingizwa katika uzalishaji wa kijeshi, na kuanzia mwaka 1943, kwa maagizo ya jeshi, ilianzisha kampuni za kujenga meli na ndege za mbao. Aliyekuwa akiwatengenezea wananchi taa za baiskeli akawa mtoaji wa zana kwa jeshi lililokuwa limevamia mataifa jirani.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, uamuzi huo ulimrudia. Mwaka 1946 majeshi ya ushirika yaliyoikalia Japani yaliiweka familia yake miongoni mwa koo za mabepari wakubwa ambazo mali zao zilipaswa kuvunjwa, na yeye mwenyewe akatakiwa kuondoka katika uongozi.

Waliomtetea ndio waliowashangaza wengi. Chama kipya cha wafanyakazi wa kampuni yake, ambacho kingetarajiwa kufurahia kuanguka kwa bosi, kilikusanya saini za wafanyakazi na familia zao, zikafika takriban 15,000, kuomba abakizwe. Mwaka 1947 alifutiwa zuio hilo. Hata hivyo, madeni ya vita yalimwandama, na kufikia mwaka 1949 alitajwa hadharani kuwa mdaiwa mkubwa wa kodi nchini Japani.

Katika kipindi hichohicho Iue, yule kijana wa miaka 14 wa karakana ya vyumba viwili, aliondoka na kuanzisha kampuni yake, Sanyo. Bidhaa yake ya kwanza ilikuwa taa ya baiskeli, safari hii inayotumia dainamo.

Kutoka Osaka hadi Dar es Salaam

Mwaka 1951 Matsushita alisafiri kwenda Marekani kwa mara ya kwanza, na mwaka uliofuata aliingia ubia na kampuni ya Philips ya Uholanzi. Philips ilitaka asilimia saba ya mauzo kama ada ya teknolojia. Matsushita alijibu kwa kudai naye alipwe ada ya kuuendesha ubia huo. Mwishowe Philips ilikubali asilimia 4.5, na upande wa Matsushita ukapata asilimia tatu.

Alijiuzulu urais wa kampuni mwaka 1961 na kuwa mwenyekiti. Lakini mwaka 1964, mauzo yalipoyumba, aliwaita mawakala wake mjini Atami na kuwasikiliza kwa siku tatu wakilalamika. Siku ya mwisho aliwaomba radhi akitokwa na machozi, kisha akarudi kazini kuongoza idara ya mauzo. Mwaka 1965 wafanyakazi wake walianza kufanya kazi siku tano kwa wiki, jambo ambalo lilikuwa geni katika kampuni kubwa za Japani.

Mwaka 1966 kampuni yake ya Afrika Mashariki ilianzishwa Dar es Salaam. Tanzania ilikuwa na umri wa miaka miwili tangu Muungano, na vijiji vingi havikuwa na umeme. Katika mazingira hayo betri haikuwa kifaa cha starehe. Kwa mkulima wa Bonde la Kilombero aliyelala kwenye kibanda cha shambani kulinda mpunga dhidi ya nguruwe pori, tochi ilikuwa sehemu ya zana zake kama jembe, na redio ilikuwa ndiyo gazeti lake.

Matsushita alistaafu mwaka 1973. Miaka sita baadaye, kwa fedha zake mwenyewe, alianzisha chuo cha kuandaa viongozi wa umma. Wahitimu wake wawili, Yoshihiko Noda mwaka 2011 na Sanae Takaichi mwaka 2025, walifikia cheo cha waziri mkuu wa Japani. Mwanzilishi wa chuo alifariki dunia Aprili 27, 1989, akiwa na umri wa miaka 94. Kijana aliyeambiwa apumzike kwa sababu ya mapafu aliwazidi umri karibu wote waliomhofia. Mwaka 2008 kampuni iliacha kutumia jina lake na kuitwa Panasonic.

Deni la taa ndogo

Kuna jambo moja zaidi linaloliunganisha jina lake na mpanda baiskeli wa Kidatu. Taa ndogo za LED, ambazo hutoa nuru bila waya unaowaka ndani ya kioo, zilianza kwa rangi nyekundu. Mmarekani Nick Holonyak aliitengeneza mwaka 1962. Rangi ya buluu iliwashinda watafiti kwa miongo mitatu, na bila buluu taa nyeupe haikuwezekana.

Mmoja wa walioishughulikia alikuwa Isamu Akasaki, aliyejiunga na taasisi ya utafiti ya Matsushita mwaka 1964. Mwaka 1973 alianza humo kazi ya kuitafuta nuru ya buluu. Mwaka 1981 alihamia Chuo Kikuu cha Nagoya, ambako alifanikiwa akiwa na mwanafunzi wake Hiroshi Amano. Mwaka 2014 wawili hao, pamoja na Shuji Nakamura, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Kwa fundi wa mtaani, hesabu ni nyepesi. Betri moja ya tochi hutoa volti 1.5, ambazo hazitoshi kuwasha LED nyekundu inayohitaji takriban volti mbili. Betri mbili zikipangwa moja nyuma ya nyingine hutoa volti tatu, na rezista ya takriban omu 50 huizuia taa isiungue. Miguu ya LED ikigeuzwa, haiwaki. Ili iwake na kuzima, mafundi hutumia transista mbili, kapasita mbili na rezista nne, au hutafuta LED iliyowekewa chipu ndani yake inayofanya kazi hiyo yenyewe.

Balbu ya kawaida ya tochi hula karibu ampia 0.3. LED moja hutosheka na ampia 0.02, yaani moja ya kumi na tano. Ikiwaka nusu ya muda na kuzima nusu, matumizi hushuka hadi moja ya thelathini. Ni njia ileile aliyoipita Matsushita mwaka 1923: badala ya kutafuta betri yenye nguvu zaidi, alitafuta taa yenye njaa kidogo.

Tofauti ni kwamba yeye alilazimika kujaribu sampuli mia moja ili kufikia saa hamsini. Kijana wa leo anaweza kuing'oa LED nyekundu kutoka kwenye kifaa kibovu, akanunua betri mbili dukani na kumaliza kazi jioni moja. Kilichobaki ni kuifunga imara chini ya kiti, iangalie nyuma, ili dereva wa lori la miwa aione mapema.